Kalamu Yangu Haiazimwi, na Mbuzi Sitoi

Mpendwa Bi. Ruthu,

Shikamoo. Naomba msaada wako, lakini kabla hujanisaidia naomba uniahidi jambo moja, kwamba hutaniambia "lipa yaishe", kwa sababu neno hilo nimelisikia nyumbani, nimelisikia kanisani, nimelisikia hata kwa mwenye bucha ambaye sijui nani alimsimulia mambo yangu, na kila anayelisema ana maana moja tu, yaishe kwangu na wengine waendelee kama kawaida.

Mimi naitwa Yudith, ni mwalimu wa darasa la kwanza na la pili hapa Kibakwe, na jina langu naomba uliandike kama lilivyo, usinifiche, maana huku wameshanijua wote, siku hizi nikipita sokoni akina mama wananiita Mama Japani na kucheka hadi wanashikana mabega. Nimeolewa na Joel, mtu mpole asiyekunywa wala kugombana na mtu, na kaka yake mkubwa ni shemeji yangu Anthony, ambaye ndiye mkuu wa ukoo tangu baba yao alipofariki, na ndiye aliyemlea Joel na kumsomesha mpaka akapata kazi, hilo silikatai na sijawahi kulikataa.

Tatizo langu, Bi. Ruthu, lilianzia kwenye mwandiko. Mungu alinijalia mkono mzuri, na kufundisha watoto herufi kila siku kumeufanya uwe mzuri zaidi, basi tangu niolewe kwenye ukoo huu kila kadi inayotoka, iwe ya harusi, ya sendofu, ya kipaimara au ya ubatizo, majina naandika mimi. Unazijua zile kadi, zinatoka kwa mchapaji kila kitu kimeshaandikwa isipokuwa jina la mwalikwa, pameachwa kamstari ka nukta kafupi kuliko kidole, na hapo ndipo unatakiwa upange "Mchungaji Mstaafu na Mama" halafu majina yote ya mchungaji na la babu yake, na herufi zipendeze, na mtu asione kuwa ulibanwa. Wananiletea bunda zima la kadi wanasema mwalimu tunazitaka kesho, na nikizirudisha wanahesabu kama ziko kamili, basi, hakuna anayesema ahsante, wanasema mwandiko ni kipaji tu, haukugharimu kitu.

Peni za kawaida zilikuwa zinanitesa, lazima uzikandamize, vidole vinauma, halafu zinatema tone la wino katikati ya jina la mheshimiwa na kadi inaharibika. Likizo iliyopita nilikwenda Dodoma mjini kumwona rafiki yangu Zaitun, Mrangi wa Kondoa niliyesoma naye chuo cha ualimu, siku hizi ana duka la steshenari, nikamkuta anaandika stakabadhi kwa kalamu ya nibu ya Kijapani, ile ya kujaza wino yenye ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati, mstari mwembamba kama uzi wa cherehani, yeye hata hakandamizi, anapitisha tu mkono. Nikamwambia Zaitun nipe nijaribu, akaniambia mwenzangu hii sikupi, nitakuagizia yako. Akanieleza kwamba nibu za Kijapani ni nyembamba kuliko za Wazungu kwa sababu herufi zao zina mikono na miguu mingi na zote lazima zienee kwenye kijumba kidogo, na kwamba nibu nyembamba inatoa wino kidogo, hata karatasi zetu hizi za daftari zinazonyonya wino haziloi. Sikungoja kesho, nilimpa hela palepale, na bei yake haikufika kuku wawili wa kienyeji, nasema hivyo kwa sababu huku wanaeneza kwamba nimenunua kalamu ya bei ya ng'ombe.

Ilipofika nilijaza wino, nikaandika jina langu kwenye karatasi ya daftari la shule, wino haukusambaa, herufi zikasimama. Nilifurahi, Bi. Ruthu, nilifurahi mpaka nikaona aibu, mtu mzima mwenye watoto anafurahia kalamu. Lakini nikajiuliza lini mara ya mwisho nilinunua kitu ambacho si sare ya mtoto, si sufuria, si mchango wa mtu, sikukumbuka. Ile kalamu ilikuwa yangu mimi, ya mkono wangu, na nilijua kwamba kwa mara ya kwanza kazi ninayowafanyia watu bure ningeifanya bila kuumia.

Sasa tukaingia kwenye harusi ya wifi yangu Aneth, mdogo wao wa mwisho. Kikao cha kamati kilikuwa nyumbani kwa shemeji Anthony, yeye ndiye mwenyekiti, mimi katibu na mwandika kadi kama kawaida. Zaidi ya nusu ya kadi nilikuwa nimeshaziandika, zimepangwa mezani, wageni wanazishika wanazisifu, kalamu yangu nimeiweka mbele yangu na kifuniko chake. Ukafika wakati wa ahadi za michango, kila mtu anaandika ahadi yake kwenye karatasi inayozunguka, shemeji akaninyooshea mkono akasema, "Mwalimu, hebu nisaidie peni hiyo."

Nikampa peni ya kawaida, ninayo daima kwenye mkoba. Akaiangalia akasema, "Mwenyekiti mzima niandike kwa peni ya darasa la pili? Nipe hiyo ya Kijapani, na sisi tuonje." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikamwambia kwa adabu zote, "Shemeji, naomba unisamehe, hii haiazimwi, nibu yake ni laini, inataka mkono ulioizoea." Akasema, "Ukoo huu una kitu kisichoazimwa?" Akanyoosha mkono akaichukua mbele yangu.

Aliishika kichwa chini miguu juu, nibu imegeuka, akakandamiza kama anayechimba mtaro, haikuandika. Akasema imekauka. Akaitikisa, wino ukarukia kadi. Akaipulizia pumzi ya moto. Akaiviringisha kati ya viganja. Nikasema shemeji tafadhali, shemeji nipe nikuoneshe, naye, Bi. Ruthu, akainua mguu, akauweka juu ya goti, na akaisugua ile nibu kwenye soli ya kobazi lake la tairi, akasugua mbele na nyuma, lile kobazi aliloingia nalo zizini asubuhi, kama watu wote wanavyosugua peni iliyogoma. Nilisikia sauti ya kile chuma. Aliponirudishia, midomo miwili ya nibu ilikuwa imeachana na katikati kuna mchanga na kinyesi cha mbuzi, akasema, "Mali mbovu hii, mwalimu, wamekuibia." Watu wakacheka sana, na katika waliocheka Joel alikuwemo.

Hapo ndipo nilipokosa, kwa mujibu wao. Shemeji ana fimbo ya mpingo aliyoachiwa na marehemu baba yake, huwa imeegemezwa nyuma ya kiti chake, haishikwi na mtoto, haishikwi na mke, hata Joel sijawahi kuona anaigusa, na hakuna anayeuliza kwa nini. Nikasimama nikasema, "Shemeji, ningechukua fimbo yako nikachochea moto jikoni, ungesema nini?"

Mama mkwe akajifunika uso kwa khanga. Wazee wakahamia kwenye Kigogo wakazungumza haraka haraka, sijui walidhani sisikii wakati mimi ni Mgogo wa Haneti, nilisikia kila neno, na neno lililorudiwa ni kwamba mwanamke wa kuja amelinganisha fimbo ya marehemu na kijiti cha dukani. Nikachukua kalamu yangu, kadi nikaziacha mezani, zilizoandikwa na zisizoandikwa, nikatoka.

Wiki hiyohiyo wakakaa kikao cha ukoo bila mimi, hukumu akaniletea Joel. Nitoe mbuzi dume asiye na kasoro, nipige magoti mbele ya shemeji na wazee, niseme kwa kinywa changu kwamba nimekosa na kwamba fimbo na kalamu si vitu vya kutajwa pamoja. Nisipofanya hivyo, kwenye harusi nisionekane, si jikoni wala kanisani Mpwapwa, na ukoo hautanihesabu. Kuhusu kalamu hakuna aliyesema neno. Nikamuuliza Joel, na kalamu yangu? Akasema, "Mke wangu, kalamu tutanunua nyingine. Lipa yaishe. Mbuzi nitamtoa mimi zizini, wewe kazi yako ni kupiga magoti tu, dakika moja imekwisha." Nikamwambia Joel, mbuzi si kitu, hayo magoti ndiyo faini yenyewe. Akasema, "Usipokuja nitakwenda harusini peke yangu, na baada ya hapo tutaangalia." Tangu siku hiyo anakula ameangalia televisheni, na lile neno lake la tutaangalia linanitembelea kichwani hata nikiwa darasani.

Kadi zilizobaki walimpa mtu mwingine, nasikia amezikoroga. Wifi Aneth alinipigia akaniuliza, "Wifi, hata harusi yangu mimi?" Nikamkatia simu kwa sababu nilikuwa na hasira, hilo tuliache.

Ninachoomba ni hiki. Jumamosi hii kikao kinakaa tena na wananisubiri na mbuzi wao. Mimi mbuzi sitoi, magoti sipigi, na maneno niliyosema siyarudishi, lakini mume wangu nampenda na sitaki kuachwa kwa sababu ya kalamu ambayo hata haiandiki tena. Je, mtu anaweza kukataa kuinama na akabaki na ndoa yake, au ndiyo mambo ya kuchagua moja?

Ni mimi, Mwalimu Yudith, Kibakwe.

*

BI. RUTHU ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu Yudith. Jina lako nimeliacha kama ulivyotaka, na "lipa yaishe" hutaisikia kwangu.

Pole sana. Ile sehemu ya kobazi niliisoma nimefumba jicho moja. Mimi si mtu wa kalamu, lakini nina kikaango changu cha chuma ambacho mtaa mzima wa Chang'ombe unajua hakiazimwi, na jirani akija kukiomba nampa kingine na chai juu yake, tunabaki marafiki. Kila mtu mwenye akili timamu ana kitu kimoja kisichoazimwa. Shemeji yako anacho, kimeegemezwa nyuma ya kiti. Wewe ulikuwa nacho, kilikuwa mezani. Kwa hiyo usiniulize kama ulikosea kusema haiazimwi. Hukukosea.

Tumtendee haki shemeji Anthony kidogo, kisha tumwache. Peni nchi hii haina mwenyewe. Benki wameifunga kamba, na bado kamba hubaki peke yake. Na peni ikigoma, nani kati yetu hajaisugua kwenye soli? Mimi nimesugua, na wewe umesugua. Hakujua kwamba nibu si peni, na kutokujua nibu si dhambi kwa mtu aliyekulia na ng'ombe. Kosa lake ni lingine kabisa. Ulisema hapana, kwa adabu, mbele ya watu, naye akasikia ndiyo. Hata angekuwa profesa wa kalamu, bado angekuwa amekosa.

Sasa wewe. Usidhani utatoka hapa umenyooka.

Kalamu ile ulikwenda nayo kikaoni kufanya nini? Kadi zilikuwa zimeshaandikwa za kutosha, peni ya kawaida ulikuwa nayo mkobani, na ahadi za watu zinaandikwa hata kwa mkaa. Nitakuambia ulichokwenda kufanya. Ulitaka waione. Ulitaka wageni washike kadi, waangalie kalamu, waseme kumbe mwalimu ana mkono. Hakuna ubaya, mwenzangu, kila mtu anastahili kusifiwa. Lakini ungewaambia kwa mdomo, siku nyingi kabla, kwamba kazi hii inakuchosha vidole na hakuna anayeshukuru. Hukuwaambia. Miaka yote hiyo ulipokea mabunda ya kadi ukatabasamu, ukarudisha, ukatabasamu tena, mpaka ukoo ukaamini mkono wako ni wao kama kisima cha shule. Halafu siku moja ukalipuka na wote wakashangaa. Unashangaa nini wakishangaa?

Tuje kwenye fimbo. Nimeyapima maneno yako, na mimi kwa umri wangu si mtu wa kushabikia mkamwana anayejibizana na wakubwa. Lakini wewe hukumtukana mtu, hukuigusa fimbo, hukusema ni kijiti, hayo ya kijiti waliyasema wazee wenyewe kwa Kigogo chao. Wewe uliuliza ungesema nini. Hilo ni swali. Swali hujibiwa, halitozwi faini. Na wamekasirika kiasi hicho kwa sababu jibu wanalijua. Kwa hiyo maneno yako usiyarudishe.

Lakini kuna mahali kwenye barua yako niliposimama, nikavua miwani. Umeandika kurasa na kurasa kuhusu nibu, kuhusu kobazi, kuhusu mbuzi, halafu bibi harusi ukampa mstari mmoja na kumalizia "hilo tuliache." Hatuliachi. Aneth alikukosea nini? Yeye ndiye aliyeisugua? Alicheka? Hata hujasema kama alikuwepo. Binti anaolewa mara moja, kaka zake wamegeuza harusi yake uwanja wa mieleka, anampigia simu mtu pekee aliyetegemea kwamba angemwelewa, na mtu huyo anamkatia. Hapo, Yudith, ulifanya yaleyale aliyokufanyia shemeji yako. Ulichukua kitu cha mwenzako ukakisugua chini ya kiatu kwa sababu ya hasira zako. Umenikasirisha.

Basi sikiliza tunavyofanya.

Leo, si kesho, mpigie Aneth. Usimweleze habari za kalamu, anazo nyingi kutoka kwa wengine. Mwambie, "Wifi yangu, nisamehe kwa ile simu." Halafu mwombe kadi zote zilizokorogwa na zile zilizorukiwa wino, mwambie mchapaji aongeze nyingine mahali pa zilizoharibika, na uziandike upya. Kwa peni ya kawaida. Ndiyo, ile inayotema. Utaumia vidole na itabidi uvumilie, kwa sababu safari hii humwandikii Anthony wala ukoo, unamwandikia Aneth, na unaandika kwa kuwa umeamua wewe. Ukimaliza, mpelekee mkononi mwake mwenyewe, usipitishe kwa mwenyekiti.

Kalamu iliyoharibika usiitupe na usiilie. Iangalie kwenye mwanga, ioshe kwa maji ya uvuguvugu, na kama kuna fundi saa mwenye lenzi Mpwapwa mwache ajaribu kuirudisha midomo. Lakini usitegemee sana, nibu nyembamba ikishasuguliwa ncha hurudi ikikwaruza karatasi. Kama bei yake haifiki kuku wawili, kama unavyosema, mpigie rafiki yako Zaitun akuagizie nyingine, nyembamba kama ile, kwa hela yako mwenyewe. Usimsubiri Joel akununulie, maana ikinunuliwa na Joel itakuwa imetoka ukooni na watataka kuionja. Na kikaoni, harusini, msibani, benki, unakwenda na peni inayoazimwa tu.

Halafu baada ya harusi hii, kadi ya bure imekwisha. Atakayekuja na bunda mwambie bei yako, na kama hataki bei, basi aje siku za kutosha kabla, akae hapo, akusomee majina huku unaandika, aone kazi yenyewe. Ndugu utawapunguzia, sikatai. Lakini atakayesema mwandiko haukugharimu kitu, mrudishie bunda lake na kalamu ya risasi.

Jumamosi nenda. Ukikaa nyumbani watasema umekimbia, na mwalimu wa darasa la kwanza hakimbii chochote. Vaa vizuri. Usiende na mbuzi, usiende na kamba ya mbuzi, usiende hata na pesa ambayo mtu ataiona na kusema basi toa hii badala ya mbuzi. Wasalimie wakubwa shikamoo, kila mmoja kwa zamu yake, na shemeji wa kwanza kabisa, kwa sababu heshima unayo na hawajakunyang'anya. Kaa kwenye kiti. Wakisema piga magoti, sema hivi, kwa sauti ileile unayoitumia kufundisha, "Wazee wangu, nawaheshimu. Shemeji aliniharibia kitu changu baada ya mimi kukataa. Akiniambia pole, yangu yamekwisha. Magoti sipigi, mbuzi sitoi." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi mnaharibu, mnaendelea kueleza. Usieleze. Akisema pole, hata kwa kunung'unika, hata akiangalia ukuta, ipokee na mshike mkono. Asiposema, aga, toka, nenda kwa Aneth ukamsaidie kukunja vitambaa.

Na harusini utakwenda. Harusi ni ya Aneth, naye akikualika umealikwa. Kama kuna mzee atakayesimama mlangoni mwa kanisa kukuzuia mbele ya mchungaji na wageni, ningependa kumwona mzee huyo.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo najua ndilo lililokufanya uandike. Unaniuliza kama mtu anaweza kukataa kuinama na akabaki na mumewe. Nakujibu kwamba sijui, kwa sababu Joel bado hajajibu, na wewe bado hujamuuliza. Amekuambia "tutaangalia", ukalibeba neno hilo mpaka darasani kama mtihani ambao haujasahihishwa. Zima televisheni leo. Muulize, "Mume wangu, tutaangalia nini?" Mngoje amalizie sentensi yake. Mimi nadhani hana cha kumalizia. Nadhani ni mtu mwema aliyecheka alipotakiwa asicheke, na aibu yake ameigeuza ukimya. Mwambie pia hilo, kwamba kicheko chake kilikuuma kuliko kobazi, kwa maana kwenye barua yako kicheko hicho kimekaa mwisho wa aya na hakuna ulichosema baada yake.

Muelewe, lakini usimbebee deni lake. Joel alilelewa na kaka yake, alilishwa, alisomeshwa, na kila anapomwangalia Anthony anaona baba. Hilo ni jambo kubwa na ana haki ya kulishukuru mpaka anazeeka. Ila aliyelelewa ni yeye. Aliyesomeshwa ni yeye. Wewe ulifika kwenye ukoo huo umeshalelewa na watu wa Haneti, umeshajua kusoma na kuandika, na umewaandikia vya kutosha.

Kwa hiyo akikuambia tena kwamba ni dakika moja tu, kwamba wazee wanachohitaji ni mtu wa kupiga magoti yaishe, usigombane naye. Mwambie kwa upole kwamba ukoo ni wa kwao, kaka ni wa kwake, na magoti hata yeye anayo mawili.